Unataka Kukatisha Bima ya Nyumba Kabla Mwaka Uishe? Piga Hesabu Hii Kwanza

Mwisho wa mwezi Nakuru huwa na sura moja. Pickup zimejaa viti, magodoro na mitungi ya gesi. Moja inaelekea Kiamunyi, nyingine inatoka Section 58 kwenda Lanet, nyingine imeshika barabara kuu ya kwenda Naivasha. Kuna aliyepata uhamisho wa kazi, kuna aliyemaliza kujenga kwake, na kuna aliyechoka na kodi iliyopanda. Kila anayehama ana vitu vya kukata: maji, stima, intaneti, pesa ya takataka. Na kwa wale walio na bima ya nyumba, hiyo nayo huingia kwenye orodha.

Hapo ndipo tunasikia swali hili: "Si nikikatisha bima katikati ya mwaka narudishiwa pesa za miezi iliyobaki?"

Jibu fupi: unaweza kurudishiwa kitu, lakini mara nyingi si kile kiasi ulichokuwa umeshapangia matumizi. Kuna sehemu ya pesa zako ambayo kampuni ya bima itabaki nayo kwa sababu umeondoka mapema, na sehemu hiyo huwa kubwa kuliko miezi uliyotumia.

Katika somo la leo tutaangalia jinsi makato hayo yanavyohesabiwa, siku gani za mwaka kukatisha kunakuumiza zaidi, njia za kuepuka kukatisha kabisa, na jinsi ya kupokea pesa zako kwa simu bila kuangukia mikono ya matapeli. Chukua kalamu, ama fungua kikokotoo kwa simu yako. Hesabu zenyewe si ngumu.

Kwanza, bima ya nyumba inabeba nini?

Hapa Kenya, bima ya nyumba huuzwa kama furushi moja lenye vyumba kadhaa. Kuna chumba cha jengo lenyewe, kwa mwenye nyumba. Kuna cha vyombo vya ndani: viti, friji, televisheni, nguo. Kuna cha vitu unavyotembea navyo kama laptopu na kamera. Kuna cha wafanyakazi wa nyumbani, yaani dada wa kazi, mtu wa shamba au mlinzi, wakiumia kazini. Na kuna cha madhara unayoweza kumsababishia mtu mwingine, kwa mfano bomba lako likipasuka na kuharibu nyumba ya jirani wa chini.

Kumbuka vyumba hivi. Ukisema "katisha bima," umefunga vyote kwa siku moja, hata kile ambacho bado unakihitaji. Mfano mzuri ni dada wa kazi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Ukihama naye kwenda nyumba mpya bila bima, akiungua jikoni ni mfuko wako utakaoulizwa.

Kitu kingine cha kujua: bima ya aina hii hulipiwa kwanza ndipo ianze kufanya kazi, na kwa kawaida ni ya mwaka mzima. Juu ya ada yenyewe huongezwa asilimia 0.2 ya mafunzo ya sekta ya bima, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwafidia wenye bima kampuni ikianguka, na Sh40 za stempu. Kwa hivyo ada ikiwa Sh18,000, unalipa Sh18,121. Ukipiga hesabu ya kurudishiwa, anza na zile 18,000. Zile 121 usizitegemee.

Hesabu mbili tofauti

Mkataba wa bima ukikatishwa kabla ya mwaka kwisha, kuna njia mbili za kugawa pesa.

Ya kwanza ni hesabu ya siku. Ada ya mwaka inagawanywa kwa siku 365. Siku ulizokuwa chini ya bima zinalipiwa, siku zilizobaki unarudishiwa. Ni hesabu iliyonyooka, kama kulipa kodi ya siku ulizolala tu. Kwa kawaida hutumika pale kampuni ya bima yenyewe ndiyo imeamua kukatisha.

Ya pili ni hesabu ya muda mfupi. Hii ndiyo hutumika sana pale wewe mteja ndiye umeamua kuondoka. Hapa siku hazihesabiwi moja moja. Kuna ngazi, na kila ukipanda ngazi kampuni inabaki na fungu kubwa zaidi. Ngazi hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini hizi hapa ni mfano wa zinazotumika sana. Tumeweka pembeni maana yake kwa ada ya Sh18,000:

- Hadi wiki 1: kampuni inabaki na asilimia 12.5. Unarudishiwa Sh15,750.
- Hadi mwezi 1: asilimia 25. Unarudishiwa Sh13,500.
- Hadi miezi 2: asilimia 37.5. Unarudishiwa Sh11,250.
- Hadi miezi 3: asilimia 50. Unarudishiwa Sh9,000.
- Hadi miezi 4: asilimia 62.5. Unarudishiwa Sh6,750.
- Hadi miezi 6: asilimia 75. Unarudishiwa Sh4,500.
- Hadi miezi 8: asilimia 87.5. Unarudishiwa Sh2,250.
- Zaidi ya miezi 8: asilimia 100. Hurudishiwi kitu.

Angalia mstari wa miezi 3. Umetumia robo ya mwaka, lakini nusu ya pesa imeenda. Kwa miezi 6 umetumia nusu ya mwaka, na robo tatu imeenda.

Na kuna sharti lingine ambalo wengi hugundua wakiwa wameshachelewa: kama umewahi kudai na kulipwa ndani ya mwaka huo wa bima, mikataba mingi haikurudishii chochote ukikatisha. Kampuni inaona mwaka wako umeshafanya kazi yake.

Mfano wa mwalimu wa Kiamunyi

Wacha tuchukue mtu wa mfano. Ni mwalimu, amepanga Kiamunyi. Bima yake ilianza tarehe 1 Januari kwa ada ya Sh18,000. Mwezi wa nne anapata uhamisho kwenda Naivasha. Anampigia ajenti wake.

"Habari ya leo, mwalimu?"

"Mzuri. Nahama mwisho wa mwezi, nataka kukatisha ile bima. Nimepiga hesabu, mnafaa kunirudishia kama elfu kumi na mbili."

"Hiyo elfu kumi na mbili umeitoa wapi, mwalimu?"

Mwalimu hakukosea hesabu. Kuanzia 1 Januari hadi 30 Aprili ni siku 120, kwa hivyo zimebaki siku 245. Sh18,000 ukigawa kwa 365, kisha uzidishe kwa 245, unapata Sh12,082. Hesabu ni sawa kabisa, ila si ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Yeye ndiye anayeondoka, kwa hivyo anaangukia ngazi ya miezi 4, na atarudishiwa Sh6,750.

Tofauti ni Sh5,332. Hiyo ndiyo bei halisi ya kukatisha mapema, na haikuandikwa mahali popote kwa jina la "faini." Haikuji kama bili. Unaiona tu kwa kupokea pesa kidogo kuliko ulizotarajia.

Sasa tuseme mwalimu alikuwa na shughuli nyingi za kuhama, barua akaipeleka tarehe 8 Mei badala ya 30 Aprili. Ni siku nane tu. Lakini ameshapita miezi 4, ameingia ngazi ya miezi 6. Atarudishiwa Sh4,500 badala ya Sh6,750. Siku nane zimemgharimu Sh2,250.

Kutoka hapo tunapata kanuni mbili za kukumbuka:

1. Kama lazima ukatishe, peleka barua kabla ya kuvuka ngazi. Tazama tarehe bima ilipoanza, si tarehe ya mwisho wa mwezi.
2. Kama umeshavuka ngazi, usikimbilie kuondoka. Mtu wa miezi minne na siku nane amekatwa sawa na mtu wa miezi sita kamili. Wiki hizo zilizobaki umeshazilipia, afadhali zikulinde. Na ukipita miezi 8, kukatisha hakukurudishii hata shilingi, kwa hivyo bima iache ifike mwisho wake.

Mbona wanakata hivyo?

Ni rahisi kusema ni wizi. Lakini hebu fikiria mwaka wa hapa kwetu Bonde la Ufa. Hatari haigawanyiki sawasawa kwa siku 365. Mvua ndefu huanza mwezi wa tatu na kuendelea hadi wa tano. Kama kila mtu angeruhusiwa kununua bima mwezi wa tatu, apite mvua, halafu mwezi wa sita arudishiwe pesa zote za siku zilizobaki, kampuni ingekuwa imebeba miezi mibaya kwa bei ya miezi mizuri. Pesa za kulipa madai hazingetosha, na mwaka unaofuata kila mtu angeongezewa ada.

Pia kuna gharama ambazo hutoka siku ya kwanza: kamisheni ya ajenti, karatasi, ukaguzi wa nyumba, na bima ambayo kampuni yako nayo huinunua kwa kampuni kubwa zaidi. Hizo hazirudi nyuma kwa sababu wewe umehama.

Kwa hivyo makato yana sababu. Usichopaswa kukubali ni makato ambayo hayamo kwenye mkataba uliotia sahihi. Kampuni ikikutajia kiasi, iulize kipengele gani kimetumika, nawe ukisome.

Gharama ambayo haiko kwenye jedwali

Turudi kwa mwalimu wetu. Amekatisha tarehe 30 Aprili. Anapanga akishatulia Naivasha atanunua bima nyingine, labda mwezi wa saba. Kati ya hapo ana pengo: Mei na Juni bila bima yoyote.

Hatusemi haya kumtisha mtu, lakini watu wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa miezi hiyo inaweza kuleta nini. Bwawa la Patel kule Solai lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yalishuka kwa kasi yakapiga vijiji vya Mai Mahiu, na hapo pia tulizika zaidi ya watu 40. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia mtaa wa Kihoto, watu wakatoka nyumbani kwa mashua. Hakuna bima inayorudisha mtu. Lakini aliyebaki hai anahitaji godoro, sufuria na mahali pa kuanzia.

Chini ya miguu yetu pia si shwari. Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu ikakata barabara ya Narok. Tetemeko la Subukia la 6 Januari 1928 bado ni mojawapo ya makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini. Kwa hivyo ukiwa umefungua mkataba wako kutafuta kipengele cha kukatisha, soma pia kama mafuriko, tetemeko na ardhi kudidimia vimo ndani. Usidhani tu vimo. Kama havimo, uliza ni pesa ngapi kuviongeza.

Kanuni hapa ni moja: bima ya zamani isife kabla ya mpya kuzaliwa. Tarehe ya mwisho ya moja iwe ndiyo tarehe ya kuanza ya nyingine.

Labda hauhitaji kukatisha

Ukichunguza sababu zinazofanya watu wakatishe bima, nyingi zina dawa nyingine. Tuziangalie moja moja.

*Unahama nyumba ya kupanga.* Kama bima yako ni ya vyombo, vyombo si unaenda navyo? Omba kampuni ibadilishe anwani kwenye mkataba. Itakutumia waraka wa mabadiliko, na huenda ukaongeza au ukapunguziwa kitu kidogo kulingana na nyumba mpya. Mwalimu wetu angeuliza hivi mapema, angebaki na bima yake hadi Disemba. Ila usihame kimyakimya. Bima hufuata anwani iliyoandikwa. Vyombo vikiibwa Naivasha na karatasi bado inasema Kiamunyi, utakuwa na vita vya kupigana.

*Umeuza nyumba.* Bima ya jengo ni makubaliano kati yako na kampuni, haimfuati mnunuzi moja kwa moja kama funguo. Usiikatishe siku ya kutia sahihi mauzo. Ngoja hadi uhamisho ukamilike na pesa ziwe zimeingia, kisha uikatishe kuanzia tarehe hiyo. Muulize wakili wako nani anabeba hatari katika kipindi cha katikati.

*Nyumba iko chini ya mkopo wa benki.* Hapa hauko peke yako. Benki huandikwa kwenye mkataba wa bima kama mwenye maslahi, na mikataba mingi ya mkopo inakulazimu uwe na bima muda wote. Ukikatisha, benki inaweza kununua bima yenyewe na kukutoza. Ongea nayo kwanza. Kama umemaliza mkopo, chukua barua ya benki ndipo uende kwa kampuni ya bima.

*Pesa zimekaza.* Uliza kama unaweza kuondoa chumba kimoja badala ya kubomoa nyumba nzima. Ile sehemu ya laptopu na vitu vya kutembea navyo mara nyingi ndiyo ghali ukilinganisha na thamani yake. Unaweza kuiondoa ukabaki na jengo, vyombo na wafanyakazi.

*Umepata bima ya bei nafuu.* Hapa ndipo watu werevu hunaswa. Tuseme mwisho wa Mei unaambiwa kuna bima kama yako kwa Sh14,000. Unaona umeokoa Sh4,000 kwa mwaka. Lakini ya zamani ulishailipia hadi Disemba. Ukiikatisha unarudishiwa Sh4,500, halafu unanunua upya miezi saba ileile, Juni hadi Disemba, ambayo kwa bei mpya inagharimu karibu Sh8,170. Umepoteza kama Sh3,670. Afadhali ngoja: weka ukumbusho kwa simu mwanzoni mwa Disemba, kisha uhamie ile nafuu mwaka ukiisha. Na usikae na bima mbili kwa kitu kimoja ukitarajia kulipwa mara mbili. Hasara ya Sh100,000 hulipwa Sh100,000, kampuni zikigawana.

Kama bima ulilipiwa kwa mkopo

Siku hizi wengi hawalipi ada yote kwa mkupuo. Benki au mkopeshaji analipa mwaka mzima kwa kampuni ya bima, nawe unalipa kila mwezi. Ni njia nzuri ya kupumua, lakini ukikatisha mapema inageuka.

Tuseme Sh18,000 ziligawanywa kwa miezi 10, yaani Sh1,800 kila mwezi, tukiacha riba kando. Baada ya miezi minne umelipa Sh7,200, na deni limebaki Sh10,800. Unakatisha bima. Zile Sh6,750 za kurudishwa haziji kwako, zinaenda kwa aliyekukopesha. Deni linashuka hadi Sh4,050. Sasa huna bima, hukupokea kitu, na bado unadaiwa.

Kuacha tu kulipa si dawa. Mkopeshaji ana haki ya kuomba bima ikatishwe ili apate pesa zake, na utajikuta umekatishiwa katikati ya mwezi bila kujua.

Ukiamua kukatisha: hatua kwa hatua

Sawa, umepiga hesabu zote na bado kukatisha ndiko kunafaa. Fanya hivi:

1. Tafuta mkataba wako na usome kipengele cha kukatisha. Kama uko kwa barua pepe, tafuta jina la kampuni. Kama huna, omba nakala. Ni haki yako.

2. Omba hesabu kabla ya kuandika barua. Uliza: "Nikikatisha tarehe fulani, mtabaki na pesa ngapi na mtanirudishia ngapi?" Omba jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

3. Andika barua au barua pepe. Kumwambia ajenti kwa mdomo hakutoshi. Unaweza kutumia maneno haya:

"Mimi, (jina), mwenye mkataba wa bima ya nyumba nambari (nambari), naomba mkataba huu ukatishwe kuanzia tarehe (tarehe). Sijafanya dai lolote katika mwaka huu wa bima. Naomba mnitumie hesabu ya kiasi mtakachobaki nacho na mtakachonirudishia, pamoja na kipengele cha mkataba mlichotumia. Pesa zitumwe kwa nambari (nambari ya simu) iliyosajiliwa kwa jina langu. Naomba pia barua ya kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyekatisha."

Ile sentensi ya mwisho ina kazi. Ukienda kununua bima mahali pengine, fomu huuliza kama kuna kampuni iliyowahi kukukatishia bima. Barua hiyo inaonyesha uliondoka kwa hiari yako.

4. Hakikisha jina kwenye laini ya simu ni sawa na jina kwenye mkataba. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mume, dada au mtoto, malipo yanaweza kukwama.

5. Simamisha malipo yanayojirudia. Kama ulikuwa umeweka simu au benki ikate pesa kila mwezi, kukatisha bima hakuzimi hayo makato yenyewe. Yazime wewe. Lakini yazime baada ya kupata uthibitisho, si kabla.

6. Usijaribu kurudisha muamala. Wengine hupiga simu wakitaka malipo ya Paybill yarudishwe kana kwamba walikosea nambari. Hiyo njia ni ya makosa ya kutuma tu. Haikatishi mkataba, na kampuni ya bima inaweza kuipinga.

7. Tunza ujumbe wa malipo wa siku ulipolipa ada. Una nambari ya muamala, tarehe na kiasi. Ukibishaniwa, hiyo ndiyo risiti yako. Kama uliufuta, unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako ya pesa kwa simu.

Chunga hapa: matapeli wanajua unangoja pesa

Mtu anayengoja kurudishiwa pesa ni rahisi kudanganywa. Simu inalia: "Mteja wetu, pesa zako za bima ziko tayari, lakini tuma kwanza Sh1,500 za kufunga mkataba ndipo mfumo uziachilie."

Usitume. Umeona jinsi makato yanavyofanya kazi: yanatolewa kwenye ada uliyokwisha kulipa, halafu kinachobaki ndicho hutumwa. Hauhitaji kutuma pesa ili upokee pesa. Na hakuna mtu, awe wa bima au wa kampuni ya simu, anayehitaji PIN yako ili akutumie kitu.

Vilevile, ada ya bima isitumwe kwa nambari ya kibinafsi ya ajenti. Lipa kwa Paybill ya kampuni yenyewe, ukiweka nambari ya mkataba kama akaunti. Tumeona mtu anaenda kudai pesa zake anaambiwa kampuni haikuwahi kupokea kitu. Hapo hauna cha kukatisha, kwa sababu bima haikuwahi kuwepo. Ukiwa na shaka juu ya kampuni au ajenti, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hutoa orodha ya walio na leseni, na hupokea malalamiko kampuni ikikataa kufuata mkataba wake.

Jipime

*Swali la 1.* Bima yako ya Sh18,000 ilianza 1 Machi. Leo ni 28 Mei, unataka kukatisha. Upeleke barua leo au ungoje 5 Juni? 
Jibu: Leo. Bado uko ndani ya miezi 3, utarudishiwa Sh9,000. Tarehe 5 Juni utakuwa ngazi ya miezi 4, urudishiwe Sh6,750.

*Swali la 2.* Bima hiyohiyo, lakini sasa ni Novemba 10. Kukatisha kuna faida? 
Jibu: Hapana. Miezi 8 imepita, hakuna cha kurudishiwa. Iache ikulinde hadi mwisho wa Februari.

*Swali la 3.* Ulilipwa na bima mwezi wa pili baada ya kuibiwa televisheni. Mwezi wa nne unataka kukatisha. Utarudishiwa ngapi? 
Jibu: Kwa mikataba mingi, sufuri. Soma wako kabla ya kufanya uamuzi.

Kumbuka ngazi tulizotumia ni za mfano, zako ziko kwenye mkataba wako. Kwa hivyo kazi ya nyumbani ni moja tu. Jioni ya leo tafuta ule mkataba, uandike kwa simu vitu vitatu: tarehe bima ilipoanza, nambari ya mkataba, na kipengele cha kukatisha. Inachukua dakika kumi. Ile siku pickup imesimama mlangoni na watu wanabeba viti, hautapata hizo dakika kumi.